Mwalimu Aliyehesabu Umri kwa Kisu

Uvumilivu wangu uliisha wodini, saa nne asubuhi, mbele ya wanaume wazima waliolazwa. Mwanangu Mwita, miaka kumi na minne, alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa kamba, kamba imepita juu ya chuma, na mwishoni mwa kamba unaning'inia mfuko wa mchanga wa kuuvuta mfupa. Alikuwa analia. Si kwa kelele, analia puani, kama mtu anayejificha. Na Mwalimu alikuwa amesimama kichwani pake, amevaa lile koti lake lenye mikanda inayong'aa, kofia ngumu kwapani, anamwambia kwa upole kabisa:

"Mura. Mura halii. Wewe ni mtu mzima."

Mura, kwetu Wakurya, ndivyo anavyoitwa kijana aliyekwisha kutahiriwa. Kabla ya hapo haitwi hivyo hata awe na ndevu. Mwita alitahiriwa Desemba iliyopita.

Nikamuuliza nesi kwa nini mtoto amewekwa wodi ya wanaume. Akanifungulia faili. Umri: 18. Chini yake ilikuwepo fomu ya kukubali kupasuliwa, pale panaposaini mgonjwa mwenyewe au mzazi, na saini ilikuwa ya Mwita, ile ile anayoiandika kwenye madaftari ya shule, M yenye mkia mrefu. Mwanangu alikuwa amejisainia mwenyewe kupasuliwa.

"Nani kasema ana miaka kumi na minane?"

"Mama, alikuja na cheti mfukoni," nesi akasema. "Na mzee huyu amethibitisha."

Nikamgeukia mzee huyu. "Toka."

"Mama Mwita, tulia kwanza."

"Toka kabla sijaufungua huu mfuko nikakumwagia mchanga mdomoni."

Mwanaume mmoja wa kitanda cha jirani akanyanyua kichwa. "Dada, huyo ni mzee wako."

"Mchukue basi awe wako. Akufundishie na wanao."

Mwalimu alivaa kofia yake humo humo wodini, akafunga mkanda wa kidevuni, akapita katikati ya vitanda akatoka. Ndivyo alivyo. Hawezi kugusa mlango wa kwenda barabarani bila kofia, hata kama anakwenda kwa miguu.

Na kweli anakwenda kwa miguu. Hilo wengi wenu Tarime hamlijui. Mtu aliyefundisha pikipiki nusu ya vijiwe vya mji huu, na wengine mpaka Sirari, hapandi pikipiki. Ukimwona njiani utamwona anatembea upande wa kulia, uso kwa uso na magari, koti linang'aa, mkono mmoja umenyooshwa kidogo pembeni kana kwamba anapima nafasi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Mimi nimewafundisha wote wanaokuja mbele yangu. Najua walichosahau."

Shule yake ni uwanja wa mnada wa ng'ombe. Siku ya mnada anakaa nyumbani, siku zinazofuata uwanja ni wake. Hana zile koni za plastiki za shule za udereva. Ana mavi ya ng'ombe. Anayaacha kama yalivyoanguka, na mwanafunzi anapita katikati yake kwa gia ya kwanza, halafu ya pili. Ukikanyaga, anapuliza filimbi na uwanja mzima unasimama.

"Umemuua nani?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Nimekuuliza umemuua nani?"

Lazima utaje. Ndiyo kanuni yake. Unamtaja mtu unayemjua, shangazi, mwenzako wa darasani, mama muuza dagaa, halafu unashuka, unayachota kwa koleo, unayapeleka ukingoni mwa uwanja unapoyazika. Wanafunzi wapya wanacheka. Mimi nilicheka. Siku niliyokanyaga la kwanza nilimtaja jirani niliyegombana naye kwa ajili ya maji, na Mwalimu akaniambia nirudi nyumbani nikamwombe radhi kwa kumuua. Nilikwenda. Nilimsalimia tu, sikumwambia kitu, lakini nilikwenda.

Sasa niambieni. Mtu anayekufundisha kuona shangazi yako kwenye mavi ya ng'ombe, anashindwaje kumwona mtoto aliyekaa kwenye siti?

Anajua sheria. Msiseme hajui, wanaomtetea wote wanasema mzee wa watu hajui. Ana kitabu cha sheria za barabarani alichokifunga kwa nailoni, na kila darasa linaanza kwa kusimama mstari na kuitikia. Hupewi leseni ya kubeba abiria kabla ya miaka mingapi? Kumi na minane! Leseni ya kujifunzia inatoka wapi? Si kwako, Mwalimu! Cheti changu ni leseni? Siyo leseni! Watoto wa miaka kumi na mitatu wanaitikia kwa sauti nyembamba, siyo leseni, na wiki inayofuata wanapewa hicho cheti, wanakwenda kukitia plastiki stendi, na wenye pikipiki wanaotafuta wa kuwakabidhi kwa mkataba hawaulizi kingine. "Una cha Mwalimu?" Ukisema ndiyo, unapewa ufunguo.

Kwenye cheti ipo nafasi ya umri, na hapo ndipo penye kosa. Kijana akija, Mwalimu haombi cheti cha kuzaliwa. Wengi hawana, tulizaliwa nyumbani na kuzaa nyumbani. Anauliza swali moja.

"Umetahiriwa mwaka gani?"

Akishajibiwa, anaandika 18. Wote ni 18. Aliyetahiriwa juzi na aliyetahiriwa miaka sita iliyopita, wote 18. Nilimsikia kwa masikio yangu akimweleza mtendaji wa kijiji aliyekuwa anashangaa. "Serikali inasema mtu mzima ni wa miaka kumi na minane. Sawa. Huyu ni mtu mzima, ukoo mzima ulikuwepo alipokuwa mtu mzima, wewe mwenyewe ulikuja ukala. Basi ana miaka kumi na minane." Mtendaji akacheka, akagonga muhuri kwenye barua ya kumtambulisha kijana, kama anavyowagongea wote. Nami nilikuwepo nikacheka. Ilikuwa bado haijanigusa.

Na hesabu hiyo aliifuata mpaka mwisho, hata ilipomwaibisha. Alikuja mtumishi mmoja wa halmashauri, Mjaluo wa kutoka upande wa ziwa, mtu wa miaka arobaini, ana mke na watoto wawili, amenunua pikipiki ya kwendea kazini. Kwao hawatahiri kwa desturi, na Mwalimu akamuuliza swali lake, na yule bwana akajibu kwa uungwana kwamba hapana. Mwalimu akafikiri sana. Akasema, "Nitakufundisha. Lakini lete mzazi asaini." Kesho yake yule bwana akaja na mkewe. Mke akasaini kama mzazi, anacheka mpaka anashika kiuno, na mume akapita kwenye mavi na tai shingoni. Mji ulicheka mwezi mzima. Kwenye daftari la Mwalimu, nimeliona, ameandikwa: umri, bado.

Wanawake aliwahesabu vingine. Hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu hesabu yake ya wanawake ndiyo iliyoniokoa mimi.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mimba ambayo bado haijaonekana. Nikamzaa Mwita nikiwa na miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni Geita, na mpaka leo yuko njiani anarudi. Nyumbani nilikuwa naitwa yule. Yule aoshe vyombo. Yule asiguse simu. Nilikwenda uwanja wa mnada mtoto yuko mgongoni, ana miezi mitano, kwa sababu nilisikia mwenye mikate anatafuta mtu wa kusambaza madukani na anayo pikipiki yake.

Vijana wakanizomea. "Huyu naye! Atainyonyesha pikipiki!"

Mwalimu akapuliza filimbi. Akaniuliza, "Huyo mgongoni umemzaa wewe?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Mwita."

"Karibu, Mama Mwita." Akawageukia. "Huyu ni mtu mzima. Atakayemcheka tena anachota uwanja wote."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita Mama Mwita kabla ya siku ile. Akaandika 18 kwenye cheti changu, na ulikuwa uongo, na uongo ule ulinilisha. Leseni yenyewe niliipata baadaye nilipotimiza umri, kwa njia halali, kwa mtihani wa serikali. Lakini karibu mwaka mzima nilitembea na uongo wa Mwalimu kwenye sidiria.

Na wakati ninazunguka uwanja nani alikuwa anamshika mtoto? Yeye. Mara ngapi nimemwona, koti linang'aa, Mwita kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia unanionyesha, "Klachi! Klachi, Mama Mwita, usiikabe!" na mtoto anacheka kila injini inapokohoa. Alikuwa anamfuta udenda kwa kona ya koti lake. Anamjua mtoto huyu ana umri gani kuliko hospitali yoyote.

Nisijifanye malaika. Desemba wajomba walipokuja kumchukua Mwita kwa tohara, nilikubali. Walipomrudisha amevikwa khanga na watu wanaimba, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilifurahi kama mama yeyote. Sikujua ile ngoma ilikuwa inamvusha miaka minne kwa siku moja. Kuanzia pale nikimtuma dukani ananiangalia tu. Nikimwambia asome anasema, "Mama, unaongea na mtu." Likizo ya mwezi wa sita akaenda kwa mjomba wake Kerende, kule machimboni Nyamongo, akasema anakwenda kusaidia shamba. Kumbe alikuwa na cheti tayari. Alipita kwenye mavi ya ng'ombe jioni baada ya shule, wiki mbili, na hakuna mtu aliyeniambia, na mimi nilikuwa nazunguka na mikate mtaa wa pili.

Huko Kerende akapewa pikipiki ya kubeba mawe ya dhahabu. Mifuko miwili nyuma, na juu ya mifuko akakaa Chacha, mwenzake, miaka kumi na mitano, walitahiriwa asubuhi moja. Wakateremka mlima. Chini palikuwa na lori limesimama. Kofia ilikuwa moja, na Mwita ndiye aliyekuwa ameivaa, kwa sababu Mwalimu anafundisha dereva asiondoke bila kofia, akiondoka bila kofia hakuna atakayefika. Alifuata alivyofundishwa. Mwita ana mguu uliovunjika mara mbili. Chacha hayupo. Mama yake sijaweza kwenda kumwona uso kwa uso, nilikaa nyuma kabisa msibani, na nikaondoka kabla watu hawajala.

Sasa ndio jambo lenyewe. Pale wodini sikujua hata nusu yake. Siku ya tatu akaja askari na jalada. Kijana wa heshima, alinisalimia, akavuta kiti. Akaniambia kesi ni ya kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Kama dereva ni mtoto, chini ya miaka kumi na minane, inakwenda mahakama ya watoto, kuna ustawi wa jamii, kuna namna. Kama ni mtu mzima, anasimama kizimbani kama mtu mzima na akitiwa hatiani anafungwa na watu wazima.

"Ni mtoto," nikasema. "Ana kumi na minne."

"Mama, una cheti cha kuzaliwa?"

Sina. Sikukata. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Ninayo kadi ya kliniki, na ukurasa wenye jina umeliwa na mchwa, imebaki tarehe bila mtu.

"Mimi ninacho cheti kinachosema kumi na minane, barua ya kijiji inayosema ni mtu mzima, saini yake ya kukubali kupasuliwa," askari akasema. "Na yeye mwenyewe nimemuuliza."

Nikamgeukia Mwita. "Mwambie afande una miaka mingapi."

Akaangalia ukutani. "Kumi na minane."

"Mwita!"

"Mama, ukiniita mtoto mbele ya polisi, sirudi nyumbani kwako." Chini ya shuka mguu mmoja ulikuwa mwembamba kama wa kuku.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeapa sitamwona tena, nikaenda. Ilikuwa siku moja baada ya mnada, uwanja umejaa mavi. Wanafunzi walikuwa watatu, na wa katikati alikuwa hafikishi chini miguu yote miwili, anainamisha pikipiki upande mmoja ndipo asimame.

"Shikamoo, Mwalimu." Imenitoka. Hasira yangu yote na bado shikamoo imetoka.

"Marahaba, Mama Mwita. Mguu?"

"Umetiwa chuma. Mwalimu, nimekuja unipe karatasi moja. Andika ulikosea umri. Andika Mwita ana miaka kumi na minne. Ukiandika leo kesi inakwenda mahakama ya watoto. Usipoandika anakwenda gerezani kwa ajili ya Chacha."

Akafungua mkanda wa kofia kidevuni, akaufunga tena. "Unataka niandike kwamba ni mtoto."

"Ndiyo."

"Aliyetahiriwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Aliyetahiriwa, na mtoto."

"Hilo siwezi kumfanyia," akasema. "Gerezani mtu anatoka. Huko unakotaka nimrudishe hatoki. Wenzake hawatamkalisha tena popote."

"Mwenzake mmoja yuko kaburini!"

"Najua alipo. Mimi nilimfundisha na yeye."

"Ulimbeba Mwita hapa hapa uwanjani. Ana meno mawili. Ni miaka mingapi? Hesabu! Hesabu kwa vidole kama huwezi kwa kichwa!"

"Yule niliyembeba hayupo, mama. Aliisha Desemba."

Nilimtukana. Siandiki nilivyomtukana. Wale watoto walizima injini wakawa wanasikiliza. Nilipomaliza nikaona machozi yanamteremka yanaingia kwenye mkanda wa kofia, na hakuyafuta.

"Nitakuja mahakamani," akasema. "Nitasimama niseme mimi nilimfundisha, kosa ni langu, wanifunge mimi. Nitasema hivyo na nitafungwa. Lakini mtoto siandiki."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa mwongo ningemtisha, angekuwa mwoga ningempeleka kwa ndugu zake wakamlazimishe. Huyu angekwenda kukaa gerezani mpaka afie huko kwa ajili ya mwanangu, akiwa na furaha, na mwanangu angekuwa selo ya pili. Nilipofika barabarani nilisikia filimbi nyuma yangu, na sauti yake inamuuliza mtu amemuua nani.

Niliandika barua kwa mkono wangu, nakala tatu. Imepokelewa, imegongwa muhuri, askari wa mapokezi akaisoma mara mbili na kuniambia nisubiri kuitwa. Bado nasubiri. Majina nimeyaondoa hapa, maneno mengine ni kama nilivyoandika.

*

Kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya,
Tarime.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA PIKIPIKI WA UWANJA WA MNADA, NA OMBI LA KUSAHIHISHA UMRI WA MTUHUMIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mtuhumiwa kwenye jalada la ajali ya Kerende. Ninalalamika kwamba mlalamikiwa anawapa watoto cheti chenye umri wa miaka kumi na minane bila kuangalia walizaliwa lini. Anahesabu kuanzia tohara. Anaijua sheria na anaifundisha. Daftari lake lichukuliwe na kila mwenye 18 atafutwe nyumbani kwao, na wale ambao bado wako barabarani wateremshwe leo, wasisubiri kesi yangu.

Mwanangu anasema ana miaka kumi na minane. Mimi nina miaka thelathini na moja, kitambulisho changu cha taifa nimekiambatanisha. Kama yeye ana kumi na minane, basi nilimzaa nikiwa na kumi na mitatu, na mwaka huo nilikuwa kidato cha kwanza, nilikuwa nakaa dawati la mbele, daftari la mahudhurio la shule lipo na sikukosa hata wiki moja. Mtu afungue daftari hilo. Anayetaka kumpima mifupa au meno ampime.

Ninakiri kwamba sikumkatia cheti cha kuzaliwa. Ninakiri kwamba nami mlalamikiwa alinipa cheti cha namna hiyo nikiwa na miaka kumi na saba na nikakitumia. Kama kwa kukiri hayo ninastahili kushtakiwa, nishtakiwe, lakini kwenye jalada langu mwenyewe, lisiunganishwe na la mtoto.

Ninaomba aandikwe mtoto na kesi yake iende inakostahili. Akiulizwa atakataa. Ninaomba msimwamini. Amesema nikimwita mtoto mbele yenu harudi nyumbani, na ninajua anamaanisha, ni mkaidi kama mimi. Hajui kwamba nimeleta barua hii. Akijua nitakuwa nimempoteza, na ninaomba mwendelee.

Mama mzazi wa mtuhumiwa